Mtu Hagawi Blanketi Wakati wa Baridi

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa kwa mafumbo. Watu wa kwetu Litumbandyosi wakitaka kujua habari zangu za gerezani huanzia mbali, mara mvua, mara kahawa, mara mbolea imechelewa, halafu sauti inashuka: "Na yale mawazo, Hyasint, yaliisha?" Yale mawazo! Kana kwamba nilikuwa nawaza kununua baiskeli. Basi niseme wazi. Nilitaka kujiua. Nilitaka hivyo kwa muda wa karibu mwaka mzima nikiwa mfungwa, na nilikaribia sana. Kama unayesoma uko ndani, au una ndugu ndani, au umetoka juzi na hujui unangoja nini, haya ni yako.

Nilikuwa dereva wa lori dogo. Nilikuwa nateremka ziwani na mahindi, narudi Mbinga na magunia ya usipa, hawa dagaa wetu wa Nyasa, na watu wamekaa juu ya magunia, jambo ambalo sheria inalikataza na kila dereva analifanya. Siku ile breki zilikuwa zinalia tangu asubuhi. Nilizisikia. Nikajiambia nitazitazama nikifika Mbinga. Veneranda, mdogo wake mke wangu, alikaa mbele pamoja nami; alikuwa anakuja kwetu kutusaidia kuchuma kahawa. Kwenye mteremko mmoja gari lilikataa kusimama. Wengine walivunjika wakapona. Veneranda alikuwa na miaka kumi na tisa, na njia nzima alikuwa ananicheka jinsi ninavyoimba. Hakufika hospitali.

Mahakamani nilikiri kosa. Hakimu alinipa miaka mitatu, nami nikaona ni michache. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, ingawa mimi sikuuita ugonjwa. Niliuita haki.

Kwanza ulikwenda usingizi, kisha hamu ya chakula. Suruali ya rangi ya chungwa niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa inanibana. Kufikia mvua za kwanza nilitembea nimeishika kwa mkono isinidondoke. Nywele za kando ya masikio zikageuka nyeupe. Tukipelekwa shambani, jembe lilinishinda, na mimi ni Mmatengo, nimechimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, tangu sijaota meno ya pili. Wenzangu walisema nimekuwa mvivu. Niliwaacha waseme, maana uvivu una nafuu kuliko ukweli.

Kisha nikaanza kujiumiza. Sitasema kwa namna gani. Anayejua anajua, na asiyejua asijifunze kwangu. Nilikuwa nashusha mikono ya shati hata jua likiwaka, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe niliogopa kusema. Ndani humo kila mtu ni wakili, na mawakili wangu walinihakikishia kwamba ukitamka kuwa unataka kujiua unafunguliwa kesi nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa imenitosha.

Aliyelala karibu yangu aliitwa Otmari, mvuvi wa Ngumbo, amefungwa kwa kumjeruhi mwenzake kwenye ugomvi wa nyavu. Mtu wa mizaha huyu, hata wakati wa kuhesabiwa aliwachekesha askari. Kwa kuwa mke wangu Editruda naye ni wa Ngumbo, Otmari aliniita shemeji. Hakuwa na ubaya, ndiyo heshima ya kwao. Lakini Veneranda naye aliniita hivyo hivyo, na kwa lafudhi ile ile ya ziwani. Kila Otmari alipopaza sauti, "Shemeji, amka!" mimi nilisikia mtu mwingine.

Mwezi wa sita Editruda alikuja kunitembelea. Alileta usipa wa kukaanga. Mtoto wetu hakuja naye.

"Mama anaendeleaje?" nilimuuliza habari za mkwe wangu.

"Anakula kidogo." Akatazama mikono yangu, nikaificha. "Hyasint, nyumbani wamekaa kikao. Wamesema ukitoka usifike Ngumbo. Hata kaburini usifike."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimechoka. Nimechoka kuwa dada wa marehemu na mke wa aliyemuua, ndani ya nguo moja."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningepumua. Alinisukumia mfuko wa usipa, akaniambia nile, muda ukaisha akaondoka bila kugeuka.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata. Gerezani kwetu mtu akitoka haondoki na kitu. Kikombe, sabuni, kandambili, blanketi, vyote anawagawia wanaobaki. Wanasema ukitoka na chombo cha jela, siku moja utakirudisha mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kugawa ni siku ya sherehe. Ukimwona mtu anampa mwenzake kikombe, huulizi, unaanza kuimba.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbinga ikiwa kali mpaka maji ya asubuhi yanauma meno, nikaanza kugawa. Kikombe nilimpa mzee mmoja wa Liparamba aliyekuwa ananywea kopo. Sabuni nikaikata vipande viwili. Blanketi nikampa Otmari.

"Jamani!" Otmari alipiga kelele. "Shemeji anatoka! Msamaha umekuja!"

Wakaimba. Wakanibeba juu juu, na haikuwa kazi, sikuwa na uzito. Mimi nilicheka nao. Na hapa nakwambia jambo la kutisha kuliko yote katika simulizi hii: nilikuwa na furaha kweli. Baada ya miezi mingi nilikula sahani yote. Nilitaniana na askari. Kila mtu alisema Hyasint amepona, na sababu ya wepesi wangu ilikuwa moja tu, kwamba nilikuwa nimeshaamua, na siku nimeshaipanga. Ukimwona mgonjwa wa namna hii amechangamka ghafla, usikimbilie kushukuru. Sogea karibu umtazame vizuri.

Nyapara wetu, yaani mfungwa aliyewekwa kutusimamia, aliitwa Sefu. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini Mbinga, babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa milimani tujione kama tunaponda mawe tukizungumza. Mchana wa siku niliyoipanga tulikuwa tunapukuchua mahindi uani. Sefu akaja akageuza debe, akakaa mbele yangu.

"Hongera, bwana Hyasint. Watoka lini?"

"Karibuni."

"Mimi natoka ofisini sasa hivi. Msamaha hakuna. Jina lako halimo katika karatasi yoyote." Alichukua gunzi mkononi mwangu akaliweka chini. "Nimeuza nguo na mablanketi hapa mjini miaka ishirini. Mwezi wa saba hata mlevi hauzi blanketi lake. Mtu hagawi blanketi wakati wa baridi, ila ajue hatalihitaji."

Nilikuwa natazama mahindi.

"Hyasint. Unataka kujiua?"

Watu wanadhani ukilitaja neno hilo unamwonyesha mtu njia. Si kweli. Njia nilikuwa nimeshaiona zamani. Nilichokosa ni kuulizwa, na swali lile lilinifungua koo.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Leo."

Nilingoja aniambie Mungu hapendi. Nilingoja anitajie mtoto wangu. Sefu alisema, "Haya. Basi leo unashinda na mimi," akanishika kifundo cha mkono, palepale penye vidonda, kwa upole, akanipeleka zahanati ya gereza bila kuniachia.

Natamani ningesema mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Askari mmoja mwenye cheo aliamuru nifungiwe selo ya peke yangu, kwa usalama wangu, alivyosema.

"Samahani, afande," Sefu alimwambia. "Ukimweka peke yake umemfungia na huyo huyo anayetaka kumuua."

Kwa maneno hayo Sefu alivuliwa unyapara, na mimi nilifungiwa. Ilikuwa siku moja na nusu. Ukuta ulikuwa na rangi ya kijivu, na kila nilichofikiri kilirudi kwangu kikiwa kikubwa zaidi. Sina la kuongeza kuhusu selo ile. Aliyenitoa ni mganga wa zahanati, mwanamke mfupi wa sauti kavu ambaye sote tulimwita Afande Mganga, aliyekuwa safarini siku nilipopelekwa. Nilimsikia koridoni: "Angekuwa na malaria mngemfungia? Huyu ni mgonjwa. Fungua." Ndiye wa kwanza kuniambia jina la ugonjwa wangu, sonona. Nilidhani anataja jina la kijiji.

Tulikwenda hospitali ya mkoa, mimi, pingu, na askari wawili. Kwenye benchi la kungojea watu walisogea mpaka nikabaki na nafasi ya kulala. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti huyu baba ameiba nini. Bibi mmoja aliyekuja na mguu uliovimba hakusogea. Nikamwamkia kwa mazoea tu, mikono ikiwa imefungwa mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akamenya ndizi, akaniwekea mdomoni kwa kuwa sikuweza kuishika. Nililia mbele ya watu wote wale na sikuona aibu. Tangu gari lipinduke hakuna aliyekuwa ameniita mwanangu.

Vidonge, nikwambie ukweli usije ukavitupa: majuma ya mwanzo havikunisaidia kitu. Mdomo ulikauka, mikono ilitetemeka, nilisinzia nikiwa nimesimama. Kisha, karibu na kupanda mahindi, niligundua nina njaa. Njaa tu ya kawaida, lakini niliifurahia kuliko Krismasi. Baadaye nikanenepa mashavu, Otmari akaniita bwana harusi.

Sefu hakuwa nyapara tena, lakini watu walikuwa bado wanamsikiliza. Afande Mganga alimkubalia apange zamu: kila saa watu wawili wawe nami, shambani, chooni, kila mahali, na kila kitu cha hatari kiondolewe karibu. Sisi Wamatengo tuna sengu, yaani ukoo unakula pamoja na kusemana hapo hapo kwenye chakula. Sefu si Mmatengo wala hakujua taratibu zake, ila alilipenda neno. "Sengu!" alikuwa akiita, nasi watu kumi tunakaa duara moja na sahani zetu, na kila mmoja lazima aseme jambo moja lililomsumbua siku hiyo. Wengine walisema uongo. Wengine walisema kunguni. Lakini polepole mambo mengine yakaanza kutoka, na nikajua sikuwa peke yangu mle ndani niliyepanga siku.

Otmari alinirudishia blanketi siku niliyotoka selo. Alilitupa miguuni pangu kama linamuunguza.

"Niliimba, shemeji," alisema. "Ulikuwa unaaga, na mimi niliimba."

Toka hapo hakuna aliyeshika zamu yangu kama yeye. Alishika yake na za wengine.

Mvua zilipochanganya, Editruda alikuja tena. Afande Mganga alimwita ofisini kwake wakazungumza muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Nimekukasirikia," aliniambia, "na sitaki ufe. Yote mawili, Hyasint. Usiniambie nichague moja."

Sikumwambia achague. Hata leo hajachagua, na ndivyo tunavyoishi.

Mwezi wa tatu Otmari akatoka. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi, muhuri upo, sahihi ipo. Akagawa kila kitu mpaka sega. Tukaimba tukakauka makoo, hata Sefu aliimba. Mimi niliona jambo moja, na ni udereva wangu ulioliona: Otmari hakumuuliza mtu yeyote gari la Ngumbo linaondoka saa ngapi. Mtu anayekwenda nyumbani huuliza gari. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu karatasi ilikuwepo na mimi pia nilikuwa na haja ya kushangilia.

Zamu yangu ya kutoka ilifika kahawa ikiwa nyekundu, nimepunguziwa sehemu ya kifungo kwa tabia njema. Nilikuwa nyumbani Litumbandyosi wiki ya pili, bado nashtuka mlango ukifungwa, Editruda akiwa kwao Ngumbo kwa mama yake. Akapiga simu.

"Yule Otmari wenu," alisema. "Ziwani haendi, kanisani haji. Mkewe aliolewa ng'ambo ya ziwa wakati yeye yuko ndani. Jana amewapa wadogo zake nyavu zote, anasema anasafiri. Anacheka tu, Hyasint. Anacheka sana."

Nilihisi baridi ya mwezi wa saba mgongoni. "Kaeni naye," nikamwambia. "Mtu asimwache hata dakika moja."

"Kaka yake anasema namzulia. Njoo wewe."

"Ngumbo nimekatazwa."

"Najua nilichokwambia. Njoo."

Nilishuka na gari la kwanza la ziwani, nikabadilisha Mbamba Bay. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa unavuma, maji yamechafuka, mitumbwi yote imevutwa juu. Nilipofika njiapanda ya kijiji, baba mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya njia na jembe begani. Sikuwa nimemwona tangu kabla ya ajali; hata mazishi sikuyahudhuria.

"Shikamoo, baba."

Alishusha jembe begani, akaliegemea. "Marahaba," akasema. "Umekuja kwa nani?"

"Kwa Otmari, baba. Naogopa atakufa."

Alinitazama usoni, kisha mikononi. Nadhani Editruda alikuwa amemweleza. Akasogea pembeni. "Nyumba yake ile. Ukimaliza, pita kaburini. Halafu uondoke."

Nyumba ilikuwa imefungwa na ilikuwa saa nane mchana. Editruda alikuwa ameketi kizingitini, ameegemea mlango, anachambua usipa kwenye ungo. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Nikagonga. Otmari alifungua, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, ndani pamefagiliwa hata jiko limeoshwa.

"Shemeji! Umetoka!" Akanikumbatia, akacheka.

"Otmari, unataka kujiua?"

Kicheko kiliendelea kidogo chenyewe, kisha kikakatika. Akakaa chini kwenye sakafu aliyoifagia.

"Kule ndani nilikuwa nina zamu yako," alisema. "Naamka najua kazi yangu. Huku hakuna anayeningoja, shemeji. Hakuna anayenihesabu."

"Lini?"

"Leo. Ungechelewa usingenikuta."

Niliogopa, naandika hivi bila aibu. Sikuwa Sefu. Nilikuwa mtu mwenye vidonge vyake mfukoni na hofu kwamba maji yake yatanivuta na mimi. Nikamshika kifundo cha mkono kwa sababu ndilo pekee nililojua. Nikamwambia tunakwenda hospitali, leo, na kwamba sitamwachia. Kwa kuwa sikuweza kumwacha, tukaenda wote kaburini kwa Veneranda, watatu, Editruda akitangulia. Niliomba msamaha kwa sauti. Nilitarajia kitu kitabadilika na hakikubadilika, ila Otmari aling'oa gugu lililoota kando ya msalaba, akapanguza vumbi kwenye jina.

Tulifika hospitali jua limeshapungua, bado watu wengi. Benchi lilikuwa lile lile la hospitali zote, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya wanaongoja. Goti la Otmari lilikuwa linaruka. Karibu yetu mama mmoja alimnyonyesha mtoto mwenye homa, na kila mlango ulipofunguliwa sote tuliinua vichwa. Mara mbili Otmari alisema anakwenda kujisaidia, mara mbili nilikwenda naye. Mara ya tatu alisema, "Shemeji, niache tu," kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba, na mimi nikasema hapana.

Muuguzi alitoka na daftari, akaita jina lake. Otmari hakuinuka. Alikuwa anatazama mlango wa kutokea nje. Muuguzi akaita tena, akapandisha miwani, akaangaza kwenye mabenchi.

"Otmari! Hayupo?" Kalamu yake ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi, tayari kumkata.

Nikasimama, nikamwinua kwa kiwiko.

"Yupo," nikasema. "Huyu hapa, yupo."